Muulizeni Mpangaji

Gari la mahabusu lilikuwa limeshaingia gia na linaelekea getini umeme ulipokatika. Jenereta ya kituo, iliyofungwa nyuma ya choo cha askari, ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikashika. Yule mwanamke ndani ya gari, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu apandishwe, akainuka kama aliyemwagiwa maji. Akabana uso kwenye wavu wa dirisha.

"Afande! Muulizeni Mpangaji! Mpangaji!"

Inspekta alikuwa barazani na kikombe cha chai mkononi. Alikiweka chini, akashuka ngazi mbiombio. "Dereva! Hebu simama kidogo!"

Jenereta ikaimeza sauti yake. Gari likapinda kulia, likaondoka zake kuelekea gereza la mahabusu.

"Kasema nini?" Koplo wa zamu aliuliza.

"Kasema tumuulize mpangaji."

"Kumbe anaye?"

"Anaye. Fundi cherehani, yuko chumba cha mbele." Inspekta aligeukia kikombe chake akakuta nzi keshaingia. "Na hakuna aliyemhoji."

Kesi yenyewe ilikuwa imeshawekwa fungu la kesi zilizoiva. Mwanamke yule alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya maghala ya baridi. Wenzake walimwita Nuktamkato, kwa sababu hakuwahi kusahau kuiweka alama hiyo mwisho wa mstari, na kwa sababu alipoongea alisita katikati, ukadhani kamaliza, kisha akaendelea. Aliyekufa alikuwa fundi wa majokofu wa kampuni hiyohiyo, na tena shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Jumamosi mchana fundi aliingia chumba cha baridi kutengeneza mpini wa ndani wa mlango, ule ambao mtu akifungiwa huusukuma akatoka. Aliufungua skrubu, akaushika mkononi. Mlango ukajikaza nyuma yake. Walimkuta Jumatatu asubuhi, mpini uko mapajani.

Milango ya ghala lile haifungwi kwa ufunguo, inafungwa na programu. Na mtaalamu alikuwa ameshatoa kauli kwamba amri iliyokaza komeo ingeweza kuitwa na kipande kimoja tu cha programu, kipande alichokiandika Nuktamkato. Jumamosi hiyo alikuwa ofisini, wa mwisho kuondoka. Halafu kuna ugomvi: shemeji alikuwa anamtaka ahame nyumba aliyoachiwa na mumewe. Mwendesha mashtaka alisema hajapata kesi tamu namna hii tangu aajiriwe.

Kwenye benchi la barazani alikuwa ameketi mama mmoja amejifunga khanga kiunoni, ametulia kama mzigo uliosahauliwa. Alikuwa mama yake marehemu, na mama mkwe wa mshitakiwa.

"Baba," alimwita Inspekta, ambaye alikuwa mdogo kwake kidogo sana. "Nikuulize kitu?"

"Uliza, mama."

"Wajukuu zangu wananiuliza mama yao kaenda wapi, na baba mdogo kaenda wapi. La baba mdogo nimewaambia. La mama yao niwaambie nini?"

"Waambie kaenda kuhojiwa."

"Hilo nimewaambia wiki iliyopita." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mimi na mkwe wangu hatupatani. Anapika chumvi nyingi, na mdomo anao. Lakini mlango? Wewe mwenyewe unaona kaufunga?"

Inspekta alivaa kofia, akamwambia Koplo aandike kwamba katoka.

*

Fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni, akaongea nazo hivyohivyo. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na chumba chake kilijaa vipande vya vitambaa mpaka mtu anatafuta pa kukanyaga.

"Jumamosi? Nilikuwa hapahapa, afande. Nakata suruali ya bwana harusi. Muulize mwenyewe, alikuja kuipima akakuta mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Alinitukana hadi umeme ukakatika, mashine ikasimama."

"Mama mwenye nyumba alirudi saa ngapi?"

"Jioni, na mkate. Watoto walikula, yeye hakula. Alisema kichwa kinamgonga, kompyuta hizo."

"Ugomvi wake na shemeji ulikuwaje?"

"Wa kawaida tu wa ndugu. Huyu anasema hama, yule anasema sihami, kesho yake wanakopeshana mwamvuli." Alitema pini kiganjani. "Ila mimi simo kwenye ukoo wao, usinitie. Mimi mpangaji tu."

"Lakini unasikia."

"Nisisikie vipi, na ukuta wenyewe ni huu? Nasikia, naona. Chumvi ikiniishia naingia jikoni kwao nachukua. Ufunguo wa mlango wa nyuma unakaa juu ya fremu. Sikuambiwa, nimeuona tu. Ukikaa nyumba moja na watu, afande, mambo mengi hayasubiri uambiwe."

Inspekta alizunguka chumba. Alimuuliza kama amewahi kufika kwenye ghala, akasema hata mlango wake haujui. Alimuuliza kama marehemu alikuwa na adui mwingine, akasema labda bwana harusi, maana suruali ile marehemu ndiye aliyemshauri aishone kwake. Aliandika yote, akajua ameandika bure. Fundi cherehani hakuwa na lolote la kumfungua mwenye nyumba wake.

Akiwa mlangoni, alisikia kelele jirani. Umeme ulikuwa umekatika tena, na jenereta ya mashine ya kusaga ikawashwa. Akasimama. Pale kituoni pia ilikuwa hivyo. Nuktamkato hakusema neno tangu apandishwe garini. Aliinuka jenereta iliposhika.

Aligeuka akamtazama fundi cherehani, aliyekuwa amesharudisha pini zake mdomoni.

"Kazini kwao kuna mtu anaitwa Mpangaji?"

"Mmh-mm," alijibu kwa puani. Maana yake sijui.

*

Ofisi ya programu ilikuwa ghorofa ya juu ya ghala, vyumba viwili vyenye baridi ya kukopa kutoka chini. Mkuu wake alikuwa bwana nadhifu wa miwani, mpole, mwenye kuleta maji ya kunywa kabla hujaomba. Wote walimwita Mkuu tu. Ndiye mtaalamu aliyetoa ile kauli.

"Afande, karibu tena. Leo ni lipi?"

"Nina swali la kijinga. Hapa kuna mtu anaitwa Mpangaji?"

Mkuu alicheka kweli, akaegemea kiti. "Huyo si mtu. Ni klasi. Kipande cha programu. Sisi hapa tunaandika majina kwa Kiswahili, ndiyo desturi yetu. Yuko Mlango, yuko Kengele, na huyo Mpangaji, anapanga matumizi ya umeme. Umeme ukikatika na jenereta ikashika, anaamka, anahakikisha baridi haipotei."

Inspekta alivuta kiti. "Nilishinda nusu ya siku kwa fundi cherehani."

"Pole sana."

"Hebu nieleze upya ile habari ya amri. Polepole, kama unamweleza mtoto."

Mkuu alikuwa mwalimu mzuri, na alipenda kufundisha. Alichukua karatasi, akachora nyumba. "Klasi ni kama nyumba yenye amri zake. Kila amri unaiwekea neno la kusema nani aruhusiwe kuiita. Kuna amri ya wote: yeyote kutoka popote anaita. Kwenye mlango wetu hiyo ni *funga*. Ukiita *funga*, inaangalia kwanza kihisi, kile kijicho cha kuona kama kuna mtu ndani. Akiwepo, inakataa na kupiga kengele. Asipokuwepo, ndiyo inaita *kazaKomeo*. Sawa?"

"Sawa."

"Kuna amri ya chumbani: hiyo mwenye nyumba peke yake. Hata mwanawe haigusi. Halafu katikati kuna ya ukoo: mwenye nyumba na watoto wake, yaani klasi zinazorithi kwake. *kazaKomeo* ni ya ukoo. Haiangalii kihisi, inakaza tu. Ndiyo maana nikaifungia. Mlango ana mtoto mmoja, MlangoWaBaridi, na aliyemwandika mtoto huyo ni Nuktamkato." Aliweka kalamu chini. "Mimi sifurahii, afande. Nimemfundisha kazi mwenyewe. Lakini ukoo ni ukoo."

"Hilo neno 'ya ukoo' ndilo limeandikwa mle?"

"Hapana, mle ni Kiingereza. Protected. Maana yake iliyolindwa. 'Ya ukoo' ni tafsiri yangu mimi, nimewafundisha vijana wote hapa kwa neno hilo, linakaa kichwani."

"Na mlianza kuitumia lini, hiyo ya ukoo? Tangu mwanzo?"

"Hapana. Mwanzo *kazaKomeo* ilikuwa ya wote. Baadaye nikaona ni hatari, nikaibadilisha."

"Ukijua vipi kwamba hakuna mwingine aliyekuwa anaiita?"

"Mashine ingelalamika. Ukiifungia watu amri wanayoiita, mashine inagoma hapohapo, inakuonyesha kwa wekundu nani ameingia pasipo pake. Nilibadilisha, haikulalamika hata kidogo. Nikajua hakuna."

Inspekta aliweka kidole juu ya ile nyumba ya karatasi.

"Mpangaji anakaa wapi?"

"Anakaa?"

"Ndiyo. Faili lake. Liko wapi?"

"Kwenye kifurushi cha maghala. Tunafunga klasi kwenye vifurushi, kama folda."

"Na Mlango?"

"Kifurushi hichohicho. Niliviweka pamoja, ni rahisi kuvitafuta."

"Basi ni mpangaji kweli," Inspekta alisema. "Hayumo kwenye ukoo, lakini anakaa nyumba moja nao."

Mkuu alitabasamu, kisha tabasamu likakwama. "Haisaidii. Si mtoto wa Mlango. Akiita, atakataliwa."

"Umewahi kumuona akikataliwa?"

"Lugha niliyojifunzia mimi..." Mkuu alivua miwani akaifuta kwa shati. "Lugha niliyoanzia, miaka ile, mgeni akiigusa ya ukoo anakataliwa. Hii tunayotumia sasa nilijifunza kazini. Haiwezi kuwa tofauti kwa jambo kubwa hivyo."

"Fungua faili la Mpangaji."

Alifungua. Alishuka na mistari, kidole kwenye kioo, mpaka kidole kikasimama. Inspekta hakujua kusoma programu, lakini Kiswahili alijua. Mstari ule ulisema: kwa kila mlango, kazaKomeo.

"Nani kaandika hii?"

Chini, ghalani, mtu alikuwa anasukuma toroli. Walilisikia likipita lote.

"Mimi," Mkuu alisema.

*

Kwenye meza ya majaribio kulikuwa na ubao uliofungwa komeo la kweli, kihisi kimoja na kengele ndogo. Inspekta aliweka mkono wake mbele ya kihisi.

"Huu ni mtu yuko ndani. Iite *funga*."

Mkuu alibonyeza. Kengele ikalia, komeo halikutikisika.

"Sasa mfanyie Mpangaji kama umeme umekatika, jenereta imeshika."

"Afande, haitafanya kitu."

"Fanya."

Mkuu aliinama, akageuza swichi chini ya ubao. Kengele haikulia. Komeo likaruka, ta, likaingia tunduni. Mkono wa Inspekta ulikuwa bado mbele ya kihisi.

Mkuu aliketi. "Kumbe lugha hii inawaruhusu na wa kifurushi kimoja." Aligeuza swichi, akairudisha, akageuza tena. Ta. Mara ya tatu Inspekta akamshika kifundo cha mkono.

"Inatosha. Hivi saa hii, kuna watu ndani ya vyumba vya baridi?"

"Wanapakua mzigo. Mchana wote wanapakua, na chumba alichofia fundi bado hakina mpini."

"Na umeme?"

Wote wawili waliitazama taa ya dari. Ilikuwa inawaka. Tangu asubuhi ilikuwa imeshazimika na kuwaka kila mara.

"Nitolee nakala ya programu ilivyo sasa," Inspekta alisema, akatoa flashi mfukoni. "Halafu irekebishe."

"Nikirekebisha, hutapata tena cha kuonyesha hivi. Sio kwenye ghala lenyewe."

"Wapo watu mle ndani, Mkuu. Rekebisha."

Nakala iliingia kwenye flashi. Kisha Mkuu akafuta neno moja akaandika jingine: *kazaKomeo* ikawa ya chumbani. Hapo mashine ikalalamika. Mistari miwili iliwaka nyekundu, mmoja kwa MlangoWaBaridi, mmoja kwa Mpangaji.

"Nisomee wa mtoto. Huu wa Nuktamkato."

"Anauliza kihisi kwanza. 'Kama kuna mtu, rudi.' Ndipo anakaza." Sauti ya Mkuu ilikuwa imeshuka. "Kaangalia. Yeye kaangalia."

"Na wa Mpangaji?"

"Unakaza tu."

Aliibadilisha yote miwili iite *funga*. Wekundu ukaondoka. Wakajaribu kwenye ubao, mkono mbele ya kihisi, swichi chini: kengele ikalia, komeo likatulia kimya. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kunywa maji yale aliyoyaleta, na fundi wa majokofu alikuwa amezikwa.

"Sasa niandikie kauli mpya," Inspekta alisema.

Mkuu hakushika kalamu.

"Mkuu."

"Kaka, nina watoto."

"Na yeye anao. Wako kwa bibi yao, wanauliza."

"Mpangaji nimeandika mimi. 'Ya ukoo' nimefundisha mimi. Kauli ya kwanza nimeapa mimi. Ukiniambia niandike nyingine, unaniambia nipande gari lile alilopanda yeye." Alivaa miwani, akaivua. "Sikumuua mtu. Hakuna aliyemuua mtu. Nipe hadi kesho nifikirie."

Inspekta hakuwa na hati ya kumkamata, wala sheria ya kumlazimisha mtu aandike kinyume cha kiapo chake. Alimpa hadi kesho.

Kesho yake alimkuta Mkuu na wakili wa kampuni, na maji ya kunywa hayakuletwa.

*

Mwendesha mashtaka aliishika flashi kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa.

"Hii umeitoa kwa hati ya upekuzi?"

"Alinipa mwenyewe."

"Alisaini wapi?"

"Hakusaini."

"Na ghala lenyewe ukilijaribu leo?"

"Linakataa kukaza. Niliamuru lirekebishwe."

"Uliamuru." Mwendesha mashtaka alifumba macho. "Kaka yangu, una ushahidi mkononi, unauamuru ujirekebishe?"

"Kulikuwa na watu ndani."

"Sikatai. Mimi ningekuwa ndani ningekushukuru. Lakini mimi niko mahakamani, sio ndani."

Hata hivyo flashi ilipelekwa mbele ya hakimu, maana Inspekta aligoma kuondoka ofisini mwake. Hakimu akasema aitwe mtaalamu aisome. Mtaalamu aliyekuwa kwenye jalada alikuwa mmoja, Mkuu. Akaja na suti. Nuktamkato alikuwa kizimbani, amepungua, nywele zimefungwa kwa kipande cha kitambaa.

"Neno hili hapa," hakimu aliuliza, "maana yake nini?"

"Iliyolindwa, Mheshimiwa."

"Ililindwa dhidi ya nani?"

Mkuu alitazama meza. "Dhidi ya wasio wa ukoo, Mheshimiwa. Ndivyo tunavyofundisha."

"Si kweli, Mkuu!" Nuktamkato alisema kutoka kizimbani. "Mpangaji yumo kifurushi kimoja na..." Akasita, kama kawaida yake. Hakimu akadhani kamaliza.

"Mshitakiwa atasubiri zamu yake."

Inspekta alisimama nyuma ya chumba. "Mheshimiwa, muulizeni alipojaribu kwenye ubao iliku..."

"Afande, wewe ni mtaalamu wa kompyuta?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi kaa."

Akakaa. Kando yake alikuwa mama mkwe, kaja na chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, akidhani leo wataruhusu. Alimgusa Inspekta mkono.

"Wamesema nani kafunga?"

"Hakuna aliyefunga, mama. Umeme ulikatika."

Mama alilivuta bakuli mapajani. "Sasa hilo," alisema, "ndilo nikawaambie watoto?"

*

Nuktamkato alikaa mahabusu hadi msimu ukageuka. Wakili wa msaada alimpata mwalimu wa chuo kutoka mji mwingine, akaja na ubao wake mwenyewe, akafungua nakala ile ya kwenye flashi mbele ya hakimu, komeo likaruka, ta, mkono uko mbele ya kihisi. Kesi ikafutwa asubuhi hiyohiyo. Hakuna mwingine aliyeshitakiwa.

Wakati huo wajomba wa marehemu mumewe walikuwa wameshaichukua nyumba. Yeye na watoto wanaishi kwa dada yake, chumba cha mbele. Anaandika programu kwa watu wadogowadogo, na hafundishi mtu kwa tafsiri.

Fundi cherehani alihamishwa pamoja na cherehani yake. Bwana harusi alifunga ndoa na suruali nyingine.

Mama mkwe alifariki kabla kesi haijafutwa. Bakuli lake lilibaki kituoni, Koplo analitumia.

Mkuu alihamia kampuni nyingine, cheo kilekile. Inasemekana huko anawaeleza vijana "ya ukoo na ya nyumba nzima", na hasemi kwa nini.

Inspekta alipata onyo la maandishi kwa kuharibu ushahidi, akahamishwa kituo. Hakukata rufaa.

Mpangaji hakushitakiwa wala kufutwa. Yumo kifurushi kilekile. Umeme ukikatika na jenereta ikashika anaamka kama zamani, anaizungukia milango mmoja baada ya mwingine, ila siku hizi anabisha hodi kwanza.